Kufa kunaumiza? Juu ya nini tunaogopa?

Ndugu mtumishi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani,

Katika ukurasa huu tumekwisha kusema mara nyingi juu ya kaske, mkanda wa usalama, maji safi na chandarua. Maneno hayo yote yana sababu moja: hatutaki ufe mbele ya wakati wako. Lakini kufa kwenyewe hatukutaji. Mtu akikutaja, wenzake wanamwambia: «Nyamaza, usituletee mkosi.»

Hata hivyo, kwenye dispanseri watu wanatuuliza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mgonjwa wa mapafu anauliza: «Nitakufa kwa kukosa pumzi?» Bibi yake anauliza: «Ataumia?» Kijana aliyeona mwenzake akianguka anauliza: «Alisikia nini?» Hayo ni maswali ya haki, na leo tunayajibu.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Kufa kitandani, kwa wagonjwa wengi, ni kwepesi kuliko tunavyofikiri, kama wale wanaomzunguka mgonjwa wanajua kumwangalia. Na kufa kazini kunaweza kuja bila uchungu na bila hofu hata kidogo; ndiyo maana huko ndiko tunakopaswa kujihadhari zaidi. Hofu ni kitu chenye kazi, lakini ni lazima tuiweke mahali pake.

HOFU NI NINI?

Hofu si aibu. Ni kazi ya mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukiona hatari, tezi hizo zinamwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo unapiga kwa nguvu, pumzi inakwenda mbio, mikono inatoa jasho, kinywa kinakauka. Mwili unajitayarisha kukimbia ao kupigana. Mbuzi anafanya vilevile akiona kisu. Mtumishi asiyeogopa kitu hata kimoja ni mtumishi wa hatari, kwake mwenyewe na kwa wenzake.

Lakini mtu amepita mbuzi kwa jambo moja: anajua ya kuwa siku moja atakufa, hata leo akiwa na afya na amekaa mezani pake. Basi kengele inalia wakati hakuna kitu cha kukimbia. Kengele inayolia usiku na mchana inaharibu. Mmoja anakosa usingizi. Mwingine anakunywa pombe ili asifikiri. Mwingine anajua kama ana uvimbe, lakini anakaa nao mwaka mzima pasipo kuja hospitali, kwa sababu anaogopa kusikia jina la ugonjwa wake. Huyo hofu ya kufa ndiyo inayomfikisha kwenye kifo mbio zaidi.

TUNAOGOPA NINI HASA?

Mzigo mkubwa ukifunguliwa, kila mtu anaweza kuchukua kipande chake. Tufungue huu. Mtu anayesema «naogopa kufa» mara nyingi anaogopa mambo haya:

1. uchungu wa mwili;
2. kukosa pumzi;
3. kuachwa peke yake;
4. yale yatakayompata bibi na watoto wake;
5. yale yanayofuata kifo, ambayo macho hayayaoni.

Juu ya neno la tano, wako wapadri, wachungaji na wazee. Ukurasa huu unasimama mlangoni. Lakini maneno manne ya kwanza yako mbele ya mlango, na yana dawa.

SIKU ZA MWISHO: MWILI UNAFANYA NINI?

Tuchukue kifo kinachokuja polepole: kansa, mapafu yaliyojaa vumbi la mawe, moyo uliochoka, uzee. Yanayoonekana kwa macho mara nyingi ni haya.

Majuma ya mwisho mgonjwa analala zaidi kila siku. Hataki chakula. Jamaa wanalia: «Anakufa kwa njaa!» Hapana. Mwili unaofunga kazi hauombi tena chakula, na mgonjwa mwenyewe hasikii njaa kama wewe unavyoisikia. Usimlazimishe. Bukari inayosukumwa kwa nguvu kinywani mwa mtu anayelala inaweza kuingia katika njia ya pumzi na kumsonga. Kinywa kikavu kinamsumbua kuliko tumbo tupu. Lowesha kitambaa safi, pangusa midomo na ulimi, paka mafuta kidogo kwenye midomo. Kazi hiyo ndogo inamsaidia sana.

Siku za mwisho mikono na miguu inapoa, ngozi inakuwa na madoa, mkojo unapungua. Akili inakwenda na kurudi. Mgonjwa anaweza kuzungumza na mama yake aliyekufa zamani. Usimgombeze, wala usikimbie. Ubongo umechoka na unaota macho yakiwa wazi. Mara nyingi ndoto hizo zinamtuliza.

Saa za mwisho pumzi inabadilika. Inakuwa nzito, kisha ndogo, kisha inasimama kidogo, kisha inaanza tena. Waganga wameijua pumzi hiyo tangu miaka 1800 na kitu. Tena koo linaweza kukoroma kama maji yanayochemka. Sauti hiyo inatisha jamaa sana. Lakini ni mate kidogo ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kumeza, na wakati huo yeye mwenyewe amekwisha kuzama katika usingizi mzito. Sauti inaumiza anayesikiliza, si anayekoroma. Mgeuze alale ubavu, sauti itapungua.

Basi mwisho wenyewe, kwa wengi, unafanana na usingizi unaozidi kuwa mzito mpaka mtu haamki tena. Hatusemi kwamba ni hivyo kwa kila mtu. Wako wanaohangaika, wako wanaoumia. Lakini hao ndio wanaohitaji dawa, na dawa ipo.

UCHUNGU NA PUMZI

Watu wengi wanafikiri kama uchungu wa kansa ni lazima uvumiliwe. Si kweli. Mwaka wa 1967 mganga mmoja mwanamke, Cicely Saunders, alifungua London nyumba ya wagonjwa wasioweza kupona. Alionyesha jambo moja: usingoje mgonjwa alie ndipo umpe dawa. Mpe morfini kwa saa zake, kiasi chake, mbele ya uchungu kurudi. Mwaka wa 1986 Shirika la Afya la Dunia liliandika njia ya namna hiyo kwa nchi zote. Na hapa karibu nasi, Uganda, tangu mwaka wa 1993 wagonjwa wanapewa morfini ya maji, ya kunywa tu, bila sindano, nyumbani kwao. Tangu mwaka wa 2004 sheria ya huko inaruhusu hata wauguzi na wasaidizi wa waganga waliofundishwa kuiandika.

Jamaa wengine wanakataa morfini wakisema: «Hiyo ndiyo ya kumaliza mtu.» Morfini inayotolewa kwa kipimo cha mganga haimalizi mtu. Inamaliza uchungu, na mgonjwa anaweza kulala, kusema na watoto wake na kuaga.

Juu ya pumzi, ndugu mwenye silikosi, sikiliza vizuri. Morfini hiyohiyo kwa kipimo kidogo inapunguza kiu ya pumzi. Tena kaa wima, egemea mito, fungua dirisha, hewa ikupige usoni. Hofu inafunga kifua, na kifua kilichofungwa kinaongeza hofu. Mtu mmoja mtulivu aliyekushika mkono anaweza kukata mviringo huo. Uliza mganga mapema, usingoje usiku wa shida.

USIMWACHE PEKE YAKE

Mgonjwa anayekaribia kufa mara nyingi anakufa mara mbili. Mara ya kwanza ni pale watu wanapoanza kusemea chini mlangoni pake, na kumdanganya: «Utapona tu, juma lijalo utarudi kazini.» Yeye anajua. Mwili wake umekwisha kumwambia. Sasa analinda siri yenu, nanyi mnalinda siri yake, na kila mtu anabaki peke yake na hofu yake.

Mwaka wa 2017 wenye elimu wa Marekani walilinganisha maandiko ya aina mbili: ya wagonjwa waliokuwa wanakufa kwa kansa ao kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na ya watu wazima wa afya walioombwa kuandika kama ndio wanaokufa. Maandiko ya wale waliokuwa wanakufa kweli yalikuwa na furaha zaidi, na maneno mabaya machache zaidi. Maana yake ni kwamba sisi tulio mbali na kifo tunakifanya cheusi kuliko wale waliokaa nacho karibu. Basi ukienda kumwona mgonjwa, usibebe hofu yako na kumwekea kitandani. Sema naye. Muulize anaogopa nini, na anataka nini.

Hata asipojibu tena, sema naye. Mwaka wa 2020 huko Kanada walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa katika saa zao za mwisho, wasiofungua macho wala kujibu. Ubongo wa baadhi yao uliitikia sauti karibu sawa na wa vijana wenye afya. Kama walifahamu maneno, kipimo hakisemi. Lakini kinatosha kutufundisha adabu: usigombee mali wala usimseme vibaya mtu mbele ya kitanda chake. Taja jina lake. Mwambie watoto wako hapa. Mwambie asante.

BIBI NA WATOTO

Kwa baba wengi hofu hii ni kubwa kuliko ya uchungu. Na hofu hii inataka karatasi, si kidonge.

Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inasema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, nao wanapata robo tatu za mali yake. Mjane naye ana haki ya kutumia nyumba ambamo mlikaa pamoja, kama ni yenu, na vyombo vilivyo ndani. Ndugu wanaokuja siku ya kilio na gari kuchukua kitanda na friji hawana sheria nyuma yao. Lakini sheria inamsaidia anayejulikana. Ndoa yako imeandikwa kwa serikali? Watoto wote wameandikwa, na majina yao yamefika ofisini kwa kumpanyi? Nenda juma hili, ungali mzima.

Kuna neno lingine ambalo linasemwa usiku. Mtu akifa, ndugu wengine hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza ni nani. Kisha wanamtazama mjane, ao mtoto dhaifu wa nyumba, na kusema: mulozi. Tumeona wagonjwa wanaolia kwa hofu hiyo, si kwa hofu ya kufa. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kabisa kumshitaki mtoto kuwa mulozi, na inaweka adhabu. Dawa nyingine ni hii: mgonjwa akiwa angali hai, walete wazee wa jamaa mbele ya mganga. Awafasirie ugonjwa, awaonyeshe picha ya mapafu. Vumbi la miaka ishirini linaonekana kwenye picha. Aliyeliona hatamtafuta mulozi ndani ya nyumba.

KIFO CHA GHAFULA: MTU ANASIKIA NINI?

Sasa jibu la yule kijana aliyeona mwenzake akianguka.

David Livingstone, yule msafiri aliyekufa mwaka wa 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, si mbali na mpaka wetu wa Katanga, aliwahi kushikwa na simba mwaka wa 1844, huko kusini ya Afrika. Simba alimvunja mkono na kumtikisa. Baadaye aliandika kwamba wakati ule alikuwa kama mtu anayeota: aliona kila kitu, lakini hakusikia uchungu wala hofu. Mwaka wa 1892 mwenye elimu ya mawe wa Uswisi, Albert Heim, ambaye mwenyewe aliwahi kuanguka mlimani, alitangaza habari alizokusanya kwa miaka mingi kwa watu walioanguka wakapona: wapanda milima, waashi, wajenga mapaa. Karibu wote walisema jambo moja: wakati wa kuanguka hawakusikia uchungu wala fadhaa; akili ilitulia na kwenda mbio, na wengine waliona maisha yao yakipita.

Na mwaka wa 2001 waganga wa Uholanzi waliandika juu ya wagonjwa 344 ambao moyo wao ulisimama wakarudishwa. Watu 62 walikumbuka kitu cha wakati ule, na wengi wao walisema juu ya utulivu ao mwanga. Waliobaki hawakukumbuka kitu chochote, kama mtu aliyelala.

Hao wote walirudi, kwa hiyo hawakufika mwisho wenyewe. Lakini walifika karibu sana, na habari zao zinakubaliana: katika hatari kubwa ya ghafula, ubongo mara nyingi unafunga mlango wa uchungu. Ndugu kijana, mwenzako yawezekana sana hakusikia yale uliyoyasikia wewe uliyekuwa unatazama. Hofu ile ilibaki kwako. Usiinyweshe pombe. Njoo uiseme.

PALE AMBAPO HOFU HAILII

Tumesema kufa kunaweza kuja bila uchungu. Je, hiyo ni habari njema? Kitandani, ndiyo. Shimoni, hapana! Shimoni uchungu na hofu ni walinzi wako, na kuna mwuaji anayepita bila kuwaamsha.

Hewa njema ina sehemu 21 za oksijeni kwa 100. Katika galeri ya zamani isiyopulizwa, mawe ya madini na miti inayooza vinakula oksijeni hiyo. Watu wanafikiri: «Nikikosa hewa nitasikia nasongwa, nitatoka.» Hapo ndipo wanapodanganyika. Kinachofanya kifua kiombe pumzi hasa ni gazi karbonike inayojaa mwilini, si upungufu wa oksijeni. Mahali penye hewa iliyokufa unaweza kuendelea kutoa gazi yako karbonike vizuri, na kifua hakilalamiki. Kichwa kinakuwa chepesi, wengine wanafurahi kama waliokunywa, halafu magoti yanavunjika. Chini ya sehemu 10 mtu anaweza kuzimia. Chini ya sehemu 6 anaanguka mara moja, na dakika chache zinatosha kumwua.

Oksidi ya kaboni, inayotoka katika moto, mota na baruti, haina harufu wala rangi. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Huko Marcinelle, Ubelgiji, tarehe 8 Agosti 1956, gari la makaa liliwekwa vibaya katika lifti ya shimo, likakata nyaya za umeme na bomba la mafuta, moto ukawaka. Watu 262 walikufa, na wengi wao waliuawa na moshi na gazi, mbali na ndimi za moto.

Kwa hiyo:

— Usiingie galeri, tangi ao shimo lililofungwa mbele ya hewa kupimwa na kupulizwa.
— Usiingie peke yako. Mwenzako abaki nje, na kamba mkononi.
— Baada ya baruti, ngoja saa iliyoamriwa. Kapita akikuharakisha, mwonyeshe amri.
— Kichwa kikiuma, ao ukisikia furaha isiyo na sababu, toka kwanza, uulize baadaye.
— Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila chombo cha pumzi. Ita kikosi cha uokozi. Wengi waliokufa katika mashimo walikuwa waokozi wenye moyo mwema.
— Uliyevuta moshi wa baruti, njoo hospitali hata kama unasikia vizuri. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, usiku, ukiwa umelala.

MANENO YA KUSHIKA

Shimoni, ogopa mbele ya kuingia, kwa sababu ndani hutapata nafasi ya kuogopa. Ukiwa na dalili ya ugonjwa, hofu ikulete kwetu mapema, isikufiche. Karatasi za bibi na watoto zitengenezwe ukiwa mzima. Na kando ya kitanda cha mgonjwa wako, acha hofu mlangoni pamoja na viatu vyako vya kazi. Ingia, keti, lowesha midomo yake, mshike mkono.

Mwenye swali aje dispanseri. Mlango tutaufunga, na tutajibu.

Msaidizi wa mganga